Breki ya mkono na ABS nje ya lami: mwongozo kwa dereva wa fo-wili

Mwongozo huu ni kwa mtu anayeendesha Land Cruiser, Prado, Hilux, Patrol, Land Rover au gari lolote la aina hiyo kwenye moramu, mchanga, tope na milima. Kwenye lami, breki ya mkono (hendibreki) huvutwa ukishaegesha na ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifunge ukikanyaga breki, hujifanyia kazi yake bila wewe kuijali. Ukitoka kwenye lami, yote mawili hubadilika, na dereva aliyezoea mjini hushangaa gari linapomponyoka mlimani ilhali hakuna kilichoharibika.

Breki yako ya mkono inashika wapi?

Hili ndilo la kujua kabla ya mengine yote, kwa sababu namna ya kuegesha, ya kupiga jeki na ya kusimamisha gari kwa dharura inategemea jibu lake. Kuna aina mbili kuu.

Ya kwanza hushika magurudumu ya nyuma moja kwa moja. Waya unatoka kwenye mkono, unagawanyika mara mbili, na kila upande unavuta shuu za breki ndani ya dramu. Hilux na Land Cruiser nyingi ziko hivi. Prado zina diski nyuma, lakini ukiifungua diski utakuta dramu ndogo katikati yake yenye shuu za breki ya mkono pekee. Shuu hizo hazihusiki na pedali hata kidogo, kwa hiyo pedi mpya haziponyi hendibreki iliyolegea.

Ya pili hushika propela. Land Rover Defender za zamani na Nissan Patrol za zamani zina dramu moja tu, nyuma ya transifa (boksi la pili la gia, linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma). Hiyo haikamati gurudumu lolote, inakamata propela, yaani shafti inayokwenda kwenye difu ya nyuma (boksi la meno katikati ya magurudumu mawili ya nyuma). Ni breki yenye nguvu sana gari likiwa limesimama, kwa sababu meno ya difu yanaizidishia nguvu. Lakini ina udhaifu mmoja mkubwa: difu ya kawaida huruhusu gurudumu moja lizunguke mbele na lingine lizunguke nyuma hata propela ikiwa imefungwa kabisa. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, lile lililo hewani linakuwa huru kuzunguka, na lile lililo chini linakuwa huru pia. Gari linaondoka juu ya jeki na hendibreki imevutwa hadi mwisho.

Kama hujui lako ni lipi, ingia chini ya uvungu gari likiwa mahali tambarare na magurudumu yamezuiwa. Ukiona dramu nyuma ya transifa pale propela inapoanzia, una aina ya pili. Ukiona waya mbili zinakwenda kwenye magurudumu ya nyuma, una ya kwanza. Magari mapya, kama Defender ya sasa, yana swichi ya umeme badala ya mkono. Hayo hushika magurudumu ya nyuma kwa mota, na betri ikifa kabisa huenda breki isiachie, kwa hiyo beba waya za kuazimia umeme au betri ya akiba.

Kuegesha mlimani

Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 13-H inataka breki ya kuegesha ya gari dogo ilishike gari lenye mzigo kwenye mteremko wa asilimia 20. Hiyo ni kama nyuzi 11 tu. Njia nyingi za milimani zina vipande vikali kuliko hivyo, na juu yake kuna kokoto zinazoteleza chini ya tairi. Ndiyo maana hendibreki peke yake haitoshi.

1. Simamisha gari kwa breki ya mguu na uendelee kuikanyaga.
2. Weka gia fri. Kwa otomatiki, weka N, siyo P kwanza.
3. Vuta breki ya mkono hadi ishike kwa nguvu.
4. Achia breki ya mguu polepole, gari likae juu ya hendibreki. Likisogea kidogo na kutulia, ni sawa. Likiendelea kusogea, kanyaga tena na utafute mahali pengine.
5. Sasa ingiza gia: namba moja kama gari linatazama juu, rivasi kama linatazama chini. Kwa otomatiki, weka P.
6. Zima injini, geuza usukani ili gari likianza kutembea liende upande wa mlima na siyo bondeni, kisha weka mawe au magogo nyuma au mbele ya magurudumu mawili.

Mpangilio huo wa hatua ya 2 hadi 5 una sababu. Ukiweka P kabla ya hendibreki, uzito wote wa gari unaning'inia kwenye kidole kidogo cha chuma ndani ya gia boksi. Asubuhi unavuta lever ya gia na haitoki, au inatoka kwa kishindo. Kidole hicho kikivunjika, gia boksi nzima inateremshwa.

Kuna jambo la transifa ambalo hupitiwa mara nyingi. Kama lever ya transifa imebaki N, gia ya kwanza au P havishiki kitu chochote, maana injini na gia boksi vimetenganishwa na magurudumu. Kwa Hilux au Land Cruiser ya fo-wili ya kuchagua, kuegesha ukiwa 2H (magurudumu mawili, gia za kawaida) kunamaanisha injini inazuia magurudumu ya nyuma tu. Ukiacha 4L (magurudumu manne, gia za chini) na habu za mbele zimefungwa, injini inazuia magurudumu yote manne, tena kwa nguvu iliyozidishwa na gia za chini. Mlimani acha gari kwenye 4L.

Kupiga jeki

Kwa breki inayoshika propela: funga difu ya kati (ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) kama gari linayo, ingiza 4L na gia, vuta hendibreki, kisha zuia magurudumu yanayobaki chini kwa mawe pande zote mbili, mbele na nyuma. Mawe yawekwe kabla jeki haijagusa gari. Kwa breki ya magurudumu ya nyuma hali ni nafuu kidogo: ukiinua gurudumu moja la nyuma, lile lingine bado limekamatwa na shuu zake. Hata hivyo usimtegemee huyo mmoja kwenye mteremko; kama unaweza kusogea mita 50 kufika mahali tambarare ukiwa na tairi bovu, sogea, hata kama tairi hilo litaharibika zaidi.

Gari likizimika katikati ya mpando

Hapa ndipo watu huumia, kwa sababu jambo la kwanza linalokuja akilini ni kukanyaga klachi na kuanza kurudi nyuma. Ukikanyaga klachi injini ikiwa imezimika, umeondoa kizuizi chako bora zaidi. Tena busta ya breki, kifaa kinachoupunguzia mguu kazi, haina tena injini ya kuinyonyea upepo: ina akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe.

Kwa gari la manyuo (gia za mkono):

1. Kanyaga breki ya mguu kwa nguvu mara moja na usiipige-pige. Vuta hendibreki.
2. Kanyaga klachi, ingiza rivasi ukiwa 4L, kisha achia klachi yote. Sasa gari limeshikwa na injini.
3. Tazama nyuma, nyoosha magurudumu ya mbele. Hakikisha hakuna mtu nyuma.
4. Achia hendibreki, kisha breki ya mguu polepole. Gari litasogea kiasi kidogo na kutulia kwenye injini.
5. Washa swichi bila kukanyaga klachi. Stata italizungusha gari na injini pamoja, gari litarudi nyuma taratibu na kuwaka. Baadhi ya Hilux na Land Cruiser haziwaki mpaka klachi ikanyagwe. Hizo mara nyingi zina kitufe kwenye dashibodi cha kuruhusu kuwasha bila klachi, kitafute leo kabla hujakihitaji.
6. Teremka kwa rivasi ukiacha injini ifanye kazi, miguu mbali na klachi. Usukani ushikwe imara, kwa sababu ukirudi nyuma magurudumu ya mbele hupenda kujigeuza ghafla.

Kwa otomatiki, shikilia breki ya mguu na hendibreki, weka N au P, washa injini, ingiza R ya 4L, ndipo uachie. Usikubali kamwe kuteremka fri.

Mpandoni hendibreki inashika vizuri kuliko mahali pengine, kwa kuwa uzito wa gari umeegemea nyuma na breki yenyewe iko nyuma. Ukigeuka na kutazama chini, uzito unahamia mbele na nyuma kunabaki kwepesi. Hendibreki ileile iliyoshika barabara ukipanda itaacha tairi za nyuma ziburuzike ukishuka. Likumbuke hili kabla hujaegesha kwa kutazama bondeni.

ABS inafanya nini kwenye kokoto

ABS ya kisasa iliingia kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1978, Bosch wakiifunga kwenye Mercedes-Benz S-Class. Kazi yake ni moja: kuzuia gurudumu lisifunge wakati wa breki, ili dereva aendelee kugeuza usukani. Sensa kwenye kila gurudumu inahesabu meno ya ringi inayozunguka. Gurudumu moja likipungua mwendo ghafla kuliko mengine, vali za ABS zinalegeza shinikizo la mafuta ya breki, zinarudisha, zinalegeza tena, mara nyingi kwa sekunde moja. Mtetemo unaousikia kwenye pedali na mlio wa kukwaruza ni kazi hiyo, siyo ubovu.

Kwenye lami iliyolowa ni msaada mkubwa. Kwenye kokoto na mchanga, mambo yanageuka. Tairi lililofunga kwenye udongo uliolegea huchimba na kusukuma rundo la kokoto mbele yake, na rundo hilo linazuia gari. ABS hairuhusu tairi lifunge, kwa hiyo rundo halijengeki, na gari linasimama mbali zaidi kuliko lisilo na ABS. Unachopata badala yake ni usukani unaotii. Nadhani ni biashara nzuri kwa mwendo wa barabarani, ila ujue bei yake.

Bei hiyo ni nafasi. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde, na sekunde ya kwanza inaisha kabla mguu haujafika kwenye breki. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kusimama baada ya breki kushika unakuwa mara nne. Kwenye moramu kavu, kilomita 60 kwa saa ni mwendo wa mtu anayetaka kufika.

Kwenye barabara yenye matuta madogo yanayofuatana, tairi huwa hewani mara nyingi. Tairi lililo hewani hufunga ukigusa tu breki, na ABS huona kama linateleza, hivyo inalegeza. Unakanyaga, pedali inatetemeka, gari haliendi polepole kama ulivyotarajia. Dawa ni kuanza breki mapema, kabla ya kona wala siyo ndani yake, na kushusha gia ili injini isaidie.

Ukilazimika kukanyaga breki ya ghafla kwenye gari lenye ABS:

1. Kanyaga kwa nguvu na ubaki umekanyaga. Kupiga-piga pedali kunaharibu hesabu za ABS na kurefusha safari ya kusimama.
2. Tazama mahali unapotaka kupita, na ugeuze usukani kidogo kuelekea huko. Ng'ombe au mtu aliye mbele ukimkodolea macho, utamfuata.
3. Kwa otomatiki acha kwenye D. Kwa manyuo kanyaga klachi mwishoni tu, gari likikaribia kusimama.

Kwa gari lisilo na ABS ni kinyume: kanyaga mpaka tairi zianze kufunga, achia nusu, kanyaga tena. Tairi za mbele zikifunga usukani haufanyi kazi, hata ukizungusha namna gani.

Jaribu kabla hujahitaji. Tafuta uwanja mpana wa moramu usio na watu, fikisha kilomita 40 kwa saa, kanyaga breki kwa nguvu zote, kisha shuka upime kwa hatua zako toka alama ya kuanzia. Rudia kwenye lami. Tofauti utakayoiona itakufundisha nafasi ya kuacha nyuma ya lori la mbele yako.

Kuteremka

Barabara za kushuka kreta ya Ngorongoro zinateremka kama mita 600 kutoka ukingoni. Kwa mteremko kama huo breki ya kwanza ni injini: 4L, gia ya kwanza au ya pili, uamuzi ufanyike juu kabla ya kuanza kushuka. Miguu yote miwili sakafuni mwanzoni, uone gari linajizuia kiasi gani. Likizidi mwendo, gusa breki kidogo, achia, gusa tena.

Tatizo la ABS hapa ni hili: ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye kokoto za mteremko, magurudumu yanaanza kufunga, ABS inaachia, na gari linaongeza mwendo ukiwa umekanyaga. Mwili unakuambia ukanyage zaidi. Achia pedali kwa muda mfupi, magurudumu yazunguke tena na injini, kisha rudisha breki kwa wepesi. Nyuma ya gari ikianza kuhamia upande, elekeza usukani chini ya mteremko na uongeze mafuta kidogo sana ili magurudumu yashike. Kuvuta hendibreki wakati huo kunazigandisha tairi za nyuma na gari linageuka ubavu kwa mlima, mkao unaolipindua.

Magari mengine huzima ABS yenyewe. Land Cruiser ya 80 yenye ABS, ukifunga difu ya kati taa ya ABS huwaka na mfumo hulala, kwa sababu magurudumu yaliyofungwa pamoja huipa sensa hesabu zisizo sahihi. Taa hiyo ikizimika baada ya kufungua difu, hakuna la kutengeneza. Magari yenye mfumo wa kujiteremsha, ulioanza na Land Rover Freelander mwaka 1997, hutumia pampu hiyohiyo ya ABS kushika gurudumu mojamoja. Ni mzuri kwa vipande vifupi. Kwa mteremko mrefu bado ingiza gia ya chini, la sivyo breki zitachemka.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu. DOT 3 mpya huchemka kwa angalau nyuzi joto 205, na ikishanyonya maji kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka hutoa mvuke, na pedali inazama hadi sakafuni bila kushika. Badilisha kila baada ya miaka 2.

Maji na tope

Ukitoka mtoni, endesha kilomita 20 kwa saa huku ukigusa breki kwa wepesi na mafuta kidogo, mpaka usikie zinashika sawasawa. Kwa gari lenye hendibreki ya magurudumu, shikilia kitufe cha mkono na uvute meno mawili kwa mita 100 kwenye njia iliyonyooka, shuu zikauke. Usifanye hivyo kwa breki ya propela: ukiivuta gari likitembea unaweza kuvunja hafu shafti au krosi ya propela.

Tope la mbuga, lile jeusi linalonata, likikaukia ndani ya dramu husaga shuu kama msasa. Osha kwa maji kupitia tundu la kurekebishia siku hiyohiyo. Na usiku wa baada ya kuvuka maji, egesha tambarare, ingiza gia, weka mawe, hendibreki iachwe chini. Shuu zilizolowa zikishikwa usiku kucha hugandana na dramu kwa kutu. Zikigandana, sogeza gari mbele na nyuma kwa upole, au gonga dramu kwa nyundo kuizunguka. Ukilazimisha kwa kukanyaga mafuta unabandua bitana ya shuu.

Kurekebisha na kukagua

Hesabu meno ya mkono unapovuta kwa nguvu ya kawaida, kama kilo 20. Magari mengi hutaka meno 5 hadi 8. Kitabu cha gari lako ndicho hukumu. Yakizidi, fundi wengi hukaza waya pale juu. Hilo ni kosa kama shuu zimelika, kwani waya unakazwa na shuu zinabaki mbali na dramu. Anza chini: inua nyuma juu ya stendi, legeza waya, zungusha nyota ya kurekebishia kwa bisibisi kupitia tundu hadi gurudumu lifunge, kisha irudishe meno 8 kwa Toyota za diski. Gurudumu lizunguke huru. Fanya pande zote mbili sawa, ndipo ukaze waya.

Kwa ABS, taa iwake unapofungua swichi na izime baada ya sekunde chache. Ikibaki ya ABS peke yake, breki za kawaida zipo, ABS haipo. Endelea kwa mwendo mdogo. Ikiwaka pamoja na taa nyekundu ya breki, simama ukague kiasi cha mafuta ya breki, maana hata mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma unaweza kuwa umekufa, na nyuma itafunga kwanza.

Chanzo cha kawaida porini ni waya wa sensa uliokwaruzwa na jiwe au klipu iliyokatika. Ufuate kwa mkono toka habu hadi kwenye plagi. Kisha fungua boliti ya sensa, mara nyingi spana namba 10, itoe kwa kuizungusha, usiipige nyundo. Ncha yake ni sumaku na hukusanya unga wa chuma. Ifute kwa kitambaa. Kwa sensa za zamani, pima ukinzani kwa mita na ulinganishe kushoto na kulia. Tairi za saizi tofauti au upepo usiolingana huleta taa hiyohiyo, kwa hiyo pima upepo kabla ya kununua sensa.